Dharura Tunalipiwa, Pumzi Tujinunulie

“Una bima au keshi?”

Hilo ndilo swali la kwanza pale dirishani. Mtoto kabebwa mgongoni, mbavu zinaingia ndani kila akivuta hewa, kifua kinapiga miluzi, midomo imeanza kupoteza rangi. Na kabla mama hajaulizwa mwanaye alianza kubanwa saa ngapi, anaulizwa atalipa kwa njia gani. Sitaji hospitali wala kituo, sina haja. Muulize mzazi yeyote wa Kiwalani, hapa Dar es Salaam, mwenye mtoto wa pumu, awe wa Bombom au wa Minazi Mirefu, akusimulie usiku wake mmoja tu.

Niwatendee haki wauguzi na madaktari wetu: mara nyingi mtoto huyo anahudumiwa. Anawekewa nebulaiza, anapewa oksijeni kama ipo, anachomwa sindano, alfajiri inamkuta anapumua. Hakuna muuguzi anayefurahia kumwona mtoto akikata roho kwa sababu ya risiti. Kwa hiyo ugomvi wangu leo hauko kwenye usiku ule. Uko kwenye asubuhi inayofuata, mtoto anaporuhusiwa kwenda nyumbani. Hapo ndipo kadi ya bima inapopaza sauti. Mwenye kadi nzuri anaondoka na dawa mkononi, tarehe ya kliniki na jina la bingwa wa watoto atakayemwona. Asiye na kadi anaondoka na karatasi ya dawa za kwenda kununua, na deni la bajaji aliyokodi saa nane usiku.

Nasema hivi, na anayebisha abishe: nchi hii imekubali kulipia shambulio la pumu, ila imekataa kulipia pumzi. Na aina ya bima aliyonayo baba au mama ndiyo inayoamua kama mtoto ataishi na ugonjwa unaodhibitika au ataishi akisubiri shambulio lijalo.

Wasioijua pumu kwa karibu wanaidhani ni ugonjwa wa usiku mmoja. Sivyo. Njia za hewa za mtoto mwenye pumu zimevimba ndani kwa ndani hata siku anayocheza mpira na wenzake na kuonekana mzima. Vumbi, moshi, mafua, baridi ya alfajiri ya mwezi wa saba, harufu ya dawa ya mbu: kikija kimojawapo, misuli inajikaza, ute unajaa, mtoto anabanwa. Ndiyo maana tiba yake ni ya aina mbili. Ipo ya kufungua kifua kikishabana, salbutamol, ile inhela ya bluu ambayo mitaani wote tunaiita Ventolin hata ikitoka kampuni nyingine. Na ipo ya kinga, beclometasone na wenzake, inayovutwa kila siku mtoto akiwa mzima, ili uvimbe ushuke na shambulio lisije. Ya kwanza inaokoa usiku. Ya pili inafanya usiku huo usitokee. Zote mbili zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani kwa miaka mingi. Hakuna uchawi wa kitaalamu hapa, wala mtambo wa kusubiri ushuke kutoka Ulaya.

Sasa tazama mtoto wa keshi anapata ipi. Karatasi aliyopewa mama inaishia kwenye duka la dawa muhimu pale mtaani, kwa muuzaji anayejua kabisa mteja wake ana shilingi ngapi. Inhela ya kinga haipo, au ipo kwa bei inayomeza kibarua cha siku nzima na zaidi. Basi anapewa kinacholingana na mfuko: vidonge vya salbutamol, vidonge vya aminofilini, prednisolone ya siku chache, na antibayotiki juu yake kwa sababu mtu alisikia kikohozi akasema nimonia. Mtoto anapata nafuu, dawa zinaisha, mama anashukuru Mungu. Mwezi unaofuata wako tena barabarani usiku. Halafu anatokea mtaalamu mmoja kwenye redio anasema wazazi wa uswahilini wana tabia ya kuwafikisha watoto hospitali wakiwa wameshazidiwa. Wawawahishe wapi, bwana? Kwenye nini?

Na hewa yenyewe ya Kiwalani haina huruma. Kata hii imekaa kati ya uwanja wa ndege na viwanda vya Barabara ya Nyerere, malori yanapita mchana na usiku, na miaka ya karibuni ukaja ujenzi wa barabara ya mabasi yaendayo haraka ya kwenda Gongo la Mboto, na vumbi lake. Ndani ya nyumba za kupanga, familia nzima inalala chumba kimoja, jiko la mkaa liko kibarazani au koridoni, na mvua kubwa zikishapita kuta za chini zinabaki na unyevu na ukungu mweusi mpaka kiangazi. Serikali inajua habari ya mkaa. Mei 2024 ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia wenye lengo la kufikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Vizuri sana. Mtoto aliye darasa la pili leo atakuwa anakaribia utu uzima siku lengo hilo litakapotimia. Mpaka wakati huo avute nini? (Na wewe baba unayevuta sigara ndani ya chumba hichohicho kimoja, safu hii haijaandikwa kukutetea.)

Tuje kwenye kadi. Kwa miaka yote hii tumejenga madaraja ya watoto, tukayaita skimu. Juu kabisa wapo watoto wa wenye bima za kampuni binafsi, ambao wazazi wao wanafanya kazi mahali panapojali au panapoona aibu. Chini yao wapo watoto wa watumishi wa umma, walio ndani ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF). Sheria ya NHIF ilitungwa 1999, mfuko ukaanza kazi 2001, na mchango ni asilimia 6 ya mshahara, nusu ya mfanyakazi na nusu ya mwajiri. Kadi hiyo inambeba mwenye ajira, mwenza wake na wategemezi wanne. Mtoto wa mwalimu wa shule ya msingi, ambaye pengine amepanga nyumba moja na muuza chapati, anaweza kuandikiwa dawa ya kinga, akipata bahati ikawepo, na kurudi kliniki bila mama yake kuuza simu.

Kisha wapo wa Mfuko wa Afya ya Jamii, CHF iliyoboreshwa. Mikoani kaya ya watu sita ilipangiwa Sh30,000 kwa mwaka. Dar es Salaam, kwa sababu sisi tunaonekana matajiri, kaya hiyohiyo ikapangiwa Sh150,000. Sasa weka tarakimu hiyo kando ya nyingine. Amri ya Kima cha Chini cha Mshahara ya 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023, ilimpa mfanyakazi wa kiwandani na wa biashara Sh150,000 kwa mwezi. Yaani mtu anayebeba mizigo katika viwanda ambavyo moshi wake unaingia chumbani kwake aliambiwa atoe mshahara wa mwezi mzima, bila kula, bila kodi ya chumba, ndipo wanawe wapate kadi ya daraja la chini.

Chini yao wote wapo walio wengi. Wakati Bunge likijadili muswada wa bima ya afya kwa wote, Serikali yenyewe ilisema wenye bima ya aina yoyote ni takriban asilimia 15 ya Watanzania. Waliobaki ni mama ntilie, bodaboda, fundi makenika, mchuuzi wa Buguruni, dada wa saluni, kibarua asiye na mkataba. Ukitaka kuwaona usisafiri mbali: simama stendi ya Kiwalani saa kumi na mbili asubuhi.

Kuna kadi moja ambayo kwa muda mfupi ilivunja madaraja haya, na yaliyoipata ni aibu ya taifa. Mwaka 2016 NHIF ilianzisha Toto Afya Kadi. Sh50,400 kwa mtoto mmoja kwa mwaka, aliye chini ya miaka 18, bila kumuuliza baba yake anafanya kazi wapi. Muuza mitumba akaweza kuweka akiba kidogokidogo na kumkatia mwanaye kadi yenye hadhi ya mtoto wa mtumishi. Mama wa mtoto wa pumu, kwa mara ya kwanza, akawa na jibu zuri la swali la dirishani.

Machi 2023 mfuko ukasitisha usajili wa mtoto mmojammoja. Sababu? Wazazi wengi walikuwa wakiwakatia kadi watoto wagonjwa tu, kwa hiyo kinacholipwa kikazidi mno kinachokusanywa. Watoto wakaambiwa waandikishwe kupitia shule au waingie na wazazi wao kwenye vifurushi vya Najali, Wekeza na Timiza, ambavyo cha chini kabisa, kwa kijana mmoja peke yake, kilianzia Sh192,000 kwa mwaka.

Hesabu ya mfuko sitaipinga. Ni kweli, bima inayojaa wagonjwa watupu inafilisika, na anayekataa hilo hajui bima ni nini. Lakini tusikilize vizuri lawama iliyotupwa kwa wazazi. Walilaumiwa kwa kumnunulia bima mtoto mgonjwa! Mtu ana watoto wanne, ana fedha ya kadi moja, mmoja wa watoto anabanwa kila mwezi. Ulitaka amkatie nani? Yule asiyeumwa, ili kumfurahisha mhasibu wa mfuko? Aliyetengeneza bima ya hiari kwa watu wasio na fedha za hiari ndiye aliyekosea, na adhabu ikaenda kwa mtoto. Baadaye, kelele zilipozidi, kadi ya mtoto ikarudishwa kwa utaratibu mpya. Lakini kinga ya pumu haisubiri vikao. Mtoto aliyekatiwa dawa ya kila siku katikati ya matibabu alirudi kwenye uvimbe wake, na uvimbe wa miaka mingi usiotibiwa unaweza kuacha njia za hewa zikiwa nyembamba moja kwa moja.

Utaniambia: mbona Sera ya Afya inatoa huduma bure kwa watoto? Ndiyo, walio chini ya miaka mitano. Tangu uchangiaji wa gharama uanze mwaka 1993, kundi hilo limo kwenye msamaha, pamoja na wajawazito na wazee wasiojiweza. Ni sera ya heshima, ingawa “bure” yetu mara nyingi maana yake ni kumwona daktari bure na kununua dawa nje. Lakini iangalie kwa jicho la pumu. Mtoto mdogo akikoroma kifua, daktari mwangalifu hakimbilii kusema pumu, kwa sababu virusi vya mafua navyo vinafanya hivyohivyo. Kipimo cha kupuliza kwenye mashine kinamtaka mtoto aelewe maelekezo, jambo ambalo kwa wengi linawezekana wakifika miaka mitano au sita. Maana yake ni kwamba sera yetu inamshika mtoto mkono wakati ugonjwa wake hauna jina, na inamwachia siku ugonjwa unapopata jina.

Na wengi hata jina hawalipati. Utafiti mkubwa uliofanywa kwa wanafunzi wa miaka 12 hadi 14 katika miji ya nchi sita za Afrika, Kampala ikiwemo, ulikuta takriban mmoja kati ya wanane ana dalili za pumu. Katika hao wenye dalili, ni kama mmoja tu kati ya watano aliyewahi kuambiwa kwamba ana pumu. Waliobaki wanaitwa wavivu wa michezo, wana “kifua”, wanapewa asali na tangawizi, au wanatishwa na jirani kwamba ukianza inhela hutaacha. Nani amsahihishe jirani huyo? Maelezo ya pumu yanahitaji muda: kumwonyesha mama jinsi ya kutikisa inhela, jinsi mtoto anavyovuta taratibu na kushika pumzi, ipi ni ya kila siku na ipi ni ya kubanwa. Dakika 20 za muuguzi.

Hapo ndipo bima inapoonyesha rangi yake halisi. Mfumo wa madai unalipa vitu vinavyohesabika: kumwona daktari, kitanda, kipimo, dawa. Zile dakika 20 hazina mstari wa malipo kwenye fomu. Kituo kinachomlaza mtoto mara sita kwa mwaka kinaandika madai sita. Kituo kinachomfundisha mama vizuri, mtoto asilazwe hata mara moja, hakiandiki kitu. Sisemi kuna daktari anayetamani mtoto arudi. Nasema tumetengeneza kapu la fedha linalotoa zawadi kwa anayerudi, kisha tunashangaa wodi zimejaa.

Hata mwenye kadi ya NHIF asijidanganye kwamba yuko peponi. Dawa ikikosekana hospitalini anapewa Fomu 2C aende duka lenye mkataba na mfuko, na safari ya kutafuta duka lililo nayo inaweza kumtoa Kiwalani hadi Kariakoo na kumrudisha mikono mitupu. Machi 2024 wenye kadi walionja kidogo maisha ya wasio nazo. NHIF ilianza kutumia kitita kipya cha mafao na bei zake, watoa huduma binafsi kupitia chama chao cha APHFTA wakasema bei hizo zinawaua, na baadhi ya hospitali kubwa binafsi zikasitisha huduma kwa wanachama wa mfuko. Wazazi waliokatwa mshahara kila mwezi walisimama mapokezini na kadi zao halali, wakaambiwa leo ni keshi. Magazeti yaliandika, viongozi wakakutana, mambo yakatulia. Ninachokumbuka ni jinsi watu wa tabaka la kati walivyoshtuka. Walishtukia kitu ambacho jirani zao wa uswahilini wanakutana nacho kila wiki.

Mjini Boston, Marekani, nchi yenye bima za kila rangi, watafiti waliwafuatilia watoto wadogo waliolazwa kwa pumu, matokeo yakachapishwa 1995. Watoto wa familia za weusi na za asili ya Kihispania walifika wodini wakiwa wamepata dawa za kinga kwa kiwango kidogo kuliko wenzao, na hao wa asili ya Kihispania waliporuhusiwa hawakuandikiwa nebulaiza ya nyumbani kama wengine. Hospitali ileile, ugonjwa uleule. Nchi imepishana na yetu kwa utajiri kupita kiasi, lakini pengo limekaa mahali palepale: kabla ya kulazwa na baada ya kuruhusiwa. Kwa hiyo anayeniambia tusubiri tutajirike kwanza ndipo watoto wapumue, akatafute hoja nyingine. Rwanda haikusubiri. Ilianza kujaribu bima zake za jamii mwishoni mwa miaka ya 1990, ikazifanya kuwa za lazima kwa sheria, michango ikapangwa kwa uwezo wa kaya na maskini wakalipiwa, na leo walio wengi sana wamo ndani. Hawakuwa matajiri kuliko sisi. Waliamua tu.

Nasi tumewahi kuamua. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote, kwa sababu mfano tunao hapahapa, tena wa kifua. Mtoto wa Kiwalani akikutwa na kifua kikuu, hakuna anayemuuliza kadi. Dawa anapewa bure, zahanati, miezi yote, na akikosa kuja kuna mtu wa kumfuatilia. Awe mtoto wa mkurugenzi au wa muokota chupa, rejista ni ileile. Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma ulianza 1977, na daktari Karel Styblo akafanya kazi na wataalamu wetu kuonyesha kwamba nchi maskini inaweza kutibu ugonjwa wa muda mrefu kupitia vituo vya kawaida, kwa dawa za uhakika na daftari linalotunzwa vizuri. Dunia ilikuja kujifunza Tanzania. Mkakati ambao baadaye Shirika la Afya Duniani liliueneza kwa jina la DOTS ulichota hapa. Na shirika la kimataifa alilolitumikia Styblo liliufikisha utaratibu huohuo kwenye pumu baadaye: dawa za kuvuta za bei nafuu, daftari, ufuatiliaji, katika nchi kama Benin, El Salvador na Sudan. Watu wa Sudan walijaribu walichofundishwa na Tanzania. Tanzania yenyewe inamuuliza mtoto wake: bima au keshi?

Najua jibu litakalokuja. Kifua kikuu kinaambukiza, pumu haiambukizi, kwa hiyo cha kwanza ni cha umma na cha pili ni cha mtu binafsi. Ni hoja ya kibaridi. Mtoto anayekosa shule siku kadhaa kila mwezi ni wa umma. Mama anayefunga genge lake kukaa wodini ni wa umma. Kitanda kilichokaliwa na mtoto ambaye hakupaswa kulazwa ni cha umma, na oksijeni anayoivuta ni ya umma. Methali ya ufa na ukuta tuliimbishwa darasa la pili. Hazina ndiyo iliyotoroka siku hiyo.

Jibu la pili litakuwa fedha. Sawa, tuzungumze fedha. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge Novemba 2023, baada ya muswada wake kukwama tangu 2022. Katika kampeni za 2025 Rais aliahidi kuanza kuitekeleza ndani ya siku 100. Sheria hiyo imeweka mfuko wa kuwalipia wasio na uwezo, na vyanzo vimetajwa: vinywaji vyenye kaboni, vileo, vipodozi, michezo ya kubahatisha. Kila kona ya Kiwalani kuna mtu anabeti, na kila duka lina friji la soda. Kata yetu inachangia mfuko huo kwa bidii kubwa. Basi irudishiwe pumzi.

Na inayodaiwa si fedha ya kutisha. Beclometasone ni dawa ya zamani, haki miliki yake imekwisha siku nyingi, Bohari ya Dawa inaweza kuiagiza kwa wingi. Hata kile chombo cha kumsaidia mtoto kuvuta inhela, kinachouzwa ghali madukani, kina mbadala wake. Mwaka 1999 Heather Zar na wenzake wa Cape Town walichapisha katika jarida la Lancet majaribio waliyofanya kwa watoto waliobanwa. Chupa ya plastiki ya nusu lita, iliyotobolewa kitako kwa kipimo cha mdomo wa inhela na kuzibwa vizuri pembeni, ilifanya kazi sawa na chombo cha kiwandani. Chupa ya maji! Kiwalani tunazifagia mitaroni kila mvua ikinyesha. Zaidi ya miaka 25 imepita, na sijaona chupa hizo zikigawiwa akina mama kwenye zahanati zetu. Hapo huwezi kusingizia bajeti. Hapo ni uvivu.

Madai yangu ni haya, nayaandika wazi ili asitokee wa kusema hakuelewa. Mtoto yeyote aliye chini ya miaka 18 aliyethibitika kuwa na pumu apewe dawa ya kinga na ya kufungua kifua katika zahanati ya mtaa wake, bila kuulizwa kadi, kama anavyopewa mwenye kifua kikuu. Muuguzi amfundishe mzazi, na kazi hiyo iwe na malipo kwenye kitita. Orodha ya dawa muhimu ya nchi yetu imepangwa kwa madaraja ya vituo, na hilo lina mantiki yake kwa dawa hatari; lakini dawa ya kila siku haiwezi kukaa hospitali ya rufaa wakati mapafu yanayoihitaji yako Bombom. Zahanati ndiyo iliyo karibu, zahanati iwe nayo. Maofisa wa ustawi wa jamii wabaki na kazi zao nyingine. Mama asipelekwe kuomba barua ya mtendaji kuthibitisha umaskini wake ili mwanaye avute hewa.

Mtanikumbusha kwamba bima ya wote inakuja, nisubiri. Naisubiri, na naiunga mkono. Lakini bima ya wote yenye kitita kinacholipa kulazwa na kusahau kinga itakuwa swali lilelile la dirishani, safari hii watu wote wakijibu “bima”, na watoto wakiendelea kuletwa usiku. Wanaopanga kitita hicho wana watoto, na baadhi ya watoto hao wana pumu. Inhela zao za kinga ziko kabatini nyumbani, zimelipiwa. Wanajua zinavyofanya kazi.

Mbunge wa Segerea, kata ya Kiwalani imo jimboni mwako. Simama kipindi cha maswali umuulize Waziri wa Afya maswali mawili tu: ni zahanati ngapi za Jiji la Dar es Salaam zenye dawa ya kinga ya pumu ya watoto leo hii, na ni lini zitakuwa nayo zote? Madiwani, ulizeni hivyohivyo kwenye baraza lenu. Nanyi wazazi, mkienda zahanati ulizeni dawa hiyo kwa jina, beclometasone. Mkiambiwa hakuna, andikeni tarehe na jina la kituo, mpeleke kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na mwezi unaofuata mrudi kuuliza tena.